Shotigani ya Kwanza ya Kijana: Usinunue ya "Ataikulia"

Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, simu yangu huanza kuita. Mahindi ya hapa Iowa, Marekani, yanaanza kukauka, shule zimefunguliwa, na mtoto wa mtu fulani amerudi nyumbani na habari kwamba wenzake wote darasani wanakwenda kuwinda fezanti na baba zao, yeye tu ndiye habebi kitu. Baba yake katoka Kigoma, au Bukavu, au Mombasa. Kuwinda hajawahi, na kwa baadhi yetu bunduki tunazozijua ni zile zilizotukimbiza kwetu. Basi ananipigia mimi, kwa sababu kuna mtu kanisani kamwambia, "Muulize yule Mnyamwezi, yeye na wanawe wanaingia porini."

Maswali ni yaleyale, yote ya shotigani, bunduki ya kuwindia ndege. Ninunue geji gani, yaani mtutu wa upana gani? Ile ndogo kabisa si ndiyo ya watoto? Kwa nini nisichukue ya bei rahisi kwanza? Nimechoka kujibu nikiwa naendesha gari, kwa hiyo nimeyaandika hapa yote. Mifano ni ya Iowa, kwa sababu ndiko ninakowinda. Vipimo ni vilevile popote, ila sheria za jimbo lako zitafute mwenyewe.

Kwa wasiomjua: fezanti ni ndege wa ardhini, umbo la kuku wa kienyeji mwenye mkia mrefu, na dume lake lina kichwa cha kijani na pete nyeupe shingoni. Asili yake ni Asia. Hapa Iowa inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 dhoruba iliangusha uzio wa mfugaji mmoja kule Cedar Falls, ndege wapatao 2,000 wakatoroka, na hao wakawa miongoni mwa wa mwanzo kuenea. Mhamiaji mwenzetu, kwa kifupi.

Na maneno mawili kabla hatujaenda mbali. Nikisema "risasi" namaanisha kile kikopo kizima cha plastiki chenye kitako cha shaba. Vipunje vilivyomo ndani, vinavyotawanyika vikitoka, ni marisau.

Kosa langu, ili wewe usilirudie

Kwetu sare ya shule hununuliwa kubwa. Shati linafika magotini, kaptula inafungwa kwa kamba, mama anasema "ataikulia," na kweli mtoto anaikulia. Nami mwanangu alipofika miaka 12 nilimnunulia shotigani kwa akili hiyohiyo: geji 12, kitako cha mtu mzima, imara, ya kudumu maisha yake yote. Muuzaji hakunizuia, akafunga mzigo.

Kijana alipiga risasi tatu. Ya kwanza ilimrudisha nyuma hatua moja. Ya pili ilimwachia alama nyekundu chini ya jicho, kwa sababu kitako kilikuwa kirefu na alikuwa amenyoosha shingo kama kobe ili afike. Ya tatu nilikuwa namtazama usoni: alifumba macho *kabla* ya mlio. Kisha akaniwekea bunduki mezani kwa adabu, akaenda kukaa kwenye gari. Ilipita misimu miwili kabla hajakubali kushika nyingine.

Shati kubwa halimuumizi mtoto. Bunduki kubwa inamfundisha woga, na huo woga huchukua muda mrefu kumtoka. Kwa hiyo nunua ya mtoto aliyesimama mbele yako leo, na kila hatua hapa chini inakwenda huko.

Uwe na nini kabla ya kwenda dukani

- Cheti cha mafunzo ya uwindaji, au angalau nafasi kwenye darasa. Iowa inamtaka kila aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972 awe nacho kabla ya kununua leseni, na mtoto anaweza kukipata akiwa na miaka 12. Nenda naye, ukae ndani, usimwache mlangoni. Wewe ndiye utakayemsimamia.
- Kabati la chuma lenye kufuli, na kufuli ya triga. Linunue kabla ya bunduki, lisije likawa la "mwisho wa mwezi." Sheria ya Iowa inakushika wewe ukiacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 14 anaweza kuifikia.
- Futi ya fundi cherehani.
- Koti lile lile la baridi ambalo mtoto atavaa porini. Usilisahau, nitaeleza.
- Miwani ya kukinga macho na vizuia sauti vya masikio, jozi mbili, yake na yako.
- Bajeti yenye nafasi. Shotigani mpya za vijana za pampu, zile za kuvuta na kusukuma mshiko wa mbele ili kupakia, huzunguka dola 400 hadi 500, na iliyotumika vizuri inapatikana kwa chini ya hapo. Tenga nyingine kwa risasi za mazoezi. Bunduki ya dola 300 na makasha kumi ya risasi yatamfaa mtoto kuliko bunduki ya dola 600 na kasha moja.

Hatua ya 1: Hakikisha wewe mwenyewe unaruhusiwa

Kwa sheria ya shirikisho duka haliwezi kumuuzia shotigani mtu wa chini ya miaka 18. Mnunuzi ni wewe. Utajaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, duka litakukagua kwenye mfumo wa serikali, kisha utapewa. Kumnunulia mwanao kama zawadi, kwa pesa yako, inaruhusiwa. Kuchukua pesa ya shemeji anayeogopa kukaguliwa ukamnunulia yeye ni jinai, na usitie sahihi jina lako hapo kwa kuona haya.

Sasa lile ambalo watu hawaniulizi, nami huwauliza kwanza: karatasi zako zikoje? Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukazi wa kudumu, ananunua kama raia. Lakini aliyeko hapa kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika bunduki, isipokuwa katika hali chache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Ukiwa huko, mpigie mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kupiga hatua yoyote. Fezanti mmoja hana thamani ya kesi.

Hatua ya 2: Tafuta jicho linalotawala

Watu huruka hatua hii, kisha mwaka mzima wanashangaa mtoto anakosa.

Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, aunganishe viganja abakize tundu dogo katikati, aangalie kitu cha mbali kupitia tundu hilo, macho yote yakiwa wazi. Kisha wewe mfumbe jicho moja, halafu lingine. Jicho ambalo likibaki wazi bado linakiona kile kitu ndilo linalotawala. Rudia mara tatu, siku mbili tofauti.

Jicho na mkono vikiwa upande mmoja, endelea. Vikipishana, yaani mtoto wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto, una njia mbili. Ya kwanza ni kumfundisha kufyatulia bega la kushoto tangu siku ya kwanza. Kwa asiye na mazoea bado ni rahisi kuliko unavyodhani. Ya pili ni kubandika kipande kidogo cha selotepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake, mahali jicho linapokutana na mtutu, ili jicho la kulia lishike kazi. Mimi napendelea ya kwanza. Binti yangu ni wa mkono wa kulia na anapigia kushoto, na ndiye anayenishinda.

Hatua ya 3: Pima urefu wa kitako

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kipimo chenyewe ni umbali kutoka kwenye triga hadi katikati ya mwisho wa kitako. Bunduki nyingi za watu wazima zina inchi 14 hivi, yaani sentimita 35 na nusu. Za vijana zina inchi 12 hadi 13, sentimita 30 hadi 33. Tofauti ya inchi moja inaonekana ndogo mezani. Begani mwa mtoto ni kubwa.

Wazee wa dukani watakuonyesha kipimo cha kiwiko: weka mwisho wa kitako kwenye kunjo la mkono, uone kama kidole kinafika kwenye triga. Kinafaa kuondoa zile zisizofaa kabisa, basi. Kinapima mkono, hakipimi shingo wala kifua.

Fanya hivi badala yake, bunduki ikiwa tupu na wewe na muuzaji mmeikagua wote wawili:

a) Mvalishe lile koti la baridi. Koti nene linakula karibu nusu inchi. Watu wengi hupima Agosti mtoto akiwa na fulana, kisha Novemba kitako kinanasa kwapani.

b) Mwambie atazame kona ya juu ya ukuta, afumbe macho, aipandishe bunduki begani na kuweka shavu kwenye kitako kama anavyojisikia vizuri. Halafu afumbue macho.

c) Angalia umbali kati ya pua yake na kidole gumba cha mkono wa triga. Vidole viwili au vitatu vya mtu mzima vipite hapo. Pua ikigusa gumba, kitako ni kifupi na gumba hilo litampiga ngumi. Nafasi ikitosha kupitisha ngumi yako nzima, ni kirefu.

d) Angalia mgongo. Mtoto anayeegemea nyuma, tumbo mbele kama mbeba ndoo, anabeba bunduki ndefu au nzito. Uzito wake unatakiwa uwe kwenye mguu wa mbele.

e) Muulize anaona nini. Akitazama kwa jicho lake linalotawala aone kile kitone cha mbele kimekaa juu ya mtutu na kipande kidogo tu cha mgongo wa mtutu. Akiona nyuma ya bunduki tu, yuko chini mno. Akiona barabara nzima ya mtutu, yuko juu mno.

Rudia mara kumi, mfululizo. Mara ya kwanza kila mtoto hufanya vizuri kwa sababu anaona anatazamwa. Mara ya nane mikono imeanza kutetemeka, na hapo utaujua ukweli wa uzito. Binti yangu aliirudisha ile aliyoipenda kwa rangi baada ya mara ya saba, mwenyewe, bila mimi kusema neno.

Hatua ya 4: Chagua geji

Kwa kijana wa miaka 12 hadi 15, jibu langu ni geji 20, na sijabadilisha jibu hilo kwa miaka mingi.

Namba ya geji inakwenda kinyume: kubwa ni ndogo. Geji 12 ina mtutu wenye tundu la milimita 18.5 hivi, geji 20 milimita 15.6. Risasi nyepesi ya geji 20 hubeba wakia 7/8 ya marisau, gramu 25. Hizo zinatosha kabisa fezanti ndani ya mita 30, na mtoto asipige mbali zaidi ya hapo.

"Na ile .410?" Hili ndilo swali nililoliandikia mwongozo mzima. Ni nyembamba, nyepesi, teke lake (ule msukumo wa kurudi begani) ni dogo, na wauzaji huiita ya watoto. Ila risasi yake fupi hubeba nusu wakia tu ya marisau, gramu 14. Marisau machache maana yake ni tundu nyingi kwenye wavu: mtoto anafanya kila kitu sawa, ndege anaruka na mguu uliovunjika, anakwenda kufia kwenye mahindi. .410 ni ya fundi anayetaka kujipa ugumu. Kwa kindi aliyetulia juu ya tawi, au kwa kopo, sawa. Kwa ndege anayeruka, usimpe mwanafunzi.

Geji 28 ni tamu, lakini risasi zake ni ghali na maduka madogo hayana. Geji 12 ngojea. Ikibidi, kwa kijana mkubwa wa miaka 16 mwenye mabega, itumie na risasi nyepesi.

> ONYO. Risasi ya geji 20 na ya geji 12 zisikae kamwe kwenye mfuko mmoja wa koti. Ya 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya 12 inateleza hadi ndani ya mtutu na kukwama humo, huioni. Mtu anadhani hajapakia, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo sababu risasi za geji 20 hutengenezwa za rangi ya njano. Kama baba ana 12 na mtoto ana 20, kila mmoja abebe zake, na koti likaguliwe kabla ya kutoka nyumbani.

Hatua ya 5: Chagua aina

*Ya kukunja, mtutu mmoja.* Inafunguka katikati, unaweka risasi moja, unaifunga. Rahisi kuona kama ina risasi, rahisi kubebea ikiwa imefunguliwa, na ndiyo ya bei ya chini. Ina kasoro mbili ambazo hakuna anayekwambia dukani. Ni nyepesi mno, mara nyingi chini ya kilo mbili na nusu, na bunduki nyepesi hupiga teke kubwa. Halafu nyingi zina nyundo ya nje inayovutwa kwa kidole gumba. Kidole cha mtoto kilichoganda kwa baridi kinaweza kuteleza akiishusha. Kama utainunua, nunua isiyo na nyundo ya nje.

*Pampu.* Hii ndiyo ninayowaelekeza wengi. Mossberg 500 Bantam ya geji 20, kwa mfano, ina mtutu wa inchi 22 na kitako kifupi, na mtoto akikua unabadilisha kitako, bunduki inabaki ileile. Kitufe chake cha usalama kiko juu, nyuma ya chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa), kidole gumba cha mkono wowote kinakifikia. Remington 870 ya vijana ni ya ukoo huohuo wa kazi. Ya 870 imetengenezwa tangu 1950, kwa hiyo zilizotumika zipo kila mahali na kila fundi anaijua. Kitufe chake ni cha kusukuma kando, nyuma ya triga, na mpigaji wa kushoto atajifunza kukifikia kwa shida kidogo.

Uzuri wa pampu kwa mtoto: unampakia risasi moja tu. Msimu wote wa kwanza, moja tu. Hiyo ya pili ndiyo inayopigwa bila kutazama nyuma ya ndege kuna nani.

*Inayojipakia kwa gesi.* Sehemu ya nguvu ya mlipuko inatumika kusukuma mitambo, kwa hiyo teke ni laini kuliko zote. Remington 1100 ya vijana, ukiipata iliyotumika, ni kama kupigwa na mto wa kulalia. Ubaya ni bei, uchafu wa kusafisha, na kwamba inajiweka tayari yenyewe baada ya kila mlio. Kwa mtoto mwoga wa teke, naweza kuikubali, risasi moja moja.

*Mitutu miwili.* Nzuri, salama, na unaona mara moja kama iko wazi. Bei yake hunifanya nikae kimya.

Kwa mpigaji wa kushoto angalia ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linatokea wapi. Nyingi hulirusha upande wa kulia, likipita mbele ya uso wake. Browning BPS na Ithaca 37 hutoa ganda chini, na zilizotumika zipo.

Hatua ya 6: Choki na risasi

Choki ni kile kipande cha mdomo wa mtutu kinachobana mkusanyiko wa marisau. Nunua bunduki yenye choki za kufungua na kubadilisha. Mwanzo mwekee choki iliyo wazi kidogo, muuzaji ataijua ukimwambia ni ya ndege wa karibu. Choki iliyobana sana ni kumtaka mtoto apige kwa sindano.

Mazoezi: risasi nyepesi za wakia 7/8, marisau namba 7½ au 8, urefu wa inchi 2¾. Mawindo: wakia 1, namba 6. Chemba ya inchi 3 inakubali za inchi 2¾, na kwa kijana hizo fupi ndizo zake. Usimnunulie zilizoandikwa "magnum," zile za nguvu zaidi, kwa sababu ni siku kubwa. Siku kubwa ndiyo siku mbaya ya teke jipya.

Bata na mabata-bukini hupigwa kwa marisau yasiyo na sumu, na nchi nzima imekuwa hivyo tangu 1991. Baadhi ya maeneo ya umma ya Iowa yanataka hivyo hata kwa fezanti, soma kibao. Marisau ya chuma ni mepesi kuliko ya madini ya risasi, kwa hiyo panda ukubwa hatua mbili (hapa pia namba ndogo ni punje kubwa): pale ungetumia namba 6, tumia namba 4.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza ya kupiga

Isiwe siku ya kuwinda. Iwe asubuhi ya uwanja wa shabaha, na isizidi risasi kumi au kumi na mbili.

1. Kabla ya kutoka, nyumbani, apandishe bunduki tupu begani mara hamsini kwa siku kadhaa, kwenye chumba kisicho na risasi hata moja.
2. Uwanjani, kwanza apige kopo au karatasi iliyosimama, mita 15. Aone marisau yanavyotawanyika. Watoto hudhani bunduki hii inapiga kitone kimoja.
3. Kisha kisahani cha udongo cha shabaha, kinachorushwa hewani kikaenda mbele yake moja kwa moja, polepole. Kinachokatisha kisubiri wiki nyingine.
4. Masikio yafunikwe mara mbili: vizibo ndani, vifuniko juu. Nusu ya kile watoto wanachokiita "teke" ni mlio.
5. Acha wakati bado anataka kuendelea. Aseme "moja tu baba," nawe ufunge mkoba. Atarudi.

Msimu ukifunguliwa, hapa Iowa ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na vijana wa miaka 15 kushuka hupewa wikendi yao kabla ya hapo. Mkazi wa chini ya miaka 16 hahitaji leseni ya wanyama wadogo akiwa na mtu mzima mwenye leseni, mtu mzima mmoja kwa kila mtoto. Vazi la rangi ya chungwa kali ni lazima. Madume tu. Na mwaka wa kwanza bunduki iliyo mkononi mwako ni sifuri: wewe unatembea nyuma yake, bega lako karibu na lake, unatazama mdomo wa mtutu wake na kidole chake. Baba anayewinda huku anamsimamia mtoto hafanyi hata kimoja.

Na akumbuke kwamba marisau ya namba 6 yanaweza kufika zaidi ya mita 200 yakipigwa juu. Ndege akiruka chini kuelekea mtu, mbwa au nyumba, anaachwa aende.

Mambo yakienda mrama

*Anafumba macho kabla ya mlio.* Teke limemwingia kichwani. Rudi kwenye risasi nyepesi kabisa. Kisha mpakie wewe, mara risasi ya kweli, mara ya bandia, bila yeye kujua ipi. Ikija ya bandia ataona mwenyewe mtutu unavyozama mbele. Mcheke kidogo, acheke naye, endeleeni. Kama baada ya siku mbili bado, pumzika mwezi.

*Shavu au mdomo unavimba.* Anainua kichwa kutazama, kitako kinamfuata. Mara chache tatizo ni mtoto. Pima upya urefu, na koti.

*Bega lina michubuko mkononi, nje ya kifua.* Anaweka kitako kwenye msuli wa mkono badala ya kile kishimo kati ya bega na mfupa wa kifua. Mwonyeshe kwa kidole mahali penyewe, mara kumi.

*Pampu inakwama, ganda halitoki.* Anavuta nusu. Mwambie avute kama anayefungua mlango wa basi la zamani, hadi mwisho, kisha asukume hadi mwisho.

*Amevuta triga, kimya.* Mtutu ubaki umeelekea mahali salama, hesabuni hadi thelathini, ndipo muifungue. Mlipuko wakati mwingine huchelewa.

*Mlio umekuwa hafifu, kama pampu ya baiskeli.* Simama. Pakua. Chungulia mtutu kutoka nyuma, bunduki ikiwa imefunguliwa. Kizibo cha plastiki au kitu kingine kinaweza kuwa kimebaki ndani, na risasi inayofuata itaupasua mtutu.

*Daima anapiga nyuma ya ndege.* Anasimamisha mtutu anapofyatua. Aendelee kufagia mbele hata baada ya mlio.

*Amekua.* Pua imeanza kugusa gumba. Ongeza vipande vya kitako, au nunua kitako kirefu. Pima mwanzoni mwa kila msimu, na futi ileile.

*Ni Waislamu, mnauliza nyama.* Wengi ninaowinda nao hutaja bismillahi wakati wa kufyatua, na ndege akifikiwa bado yu hai anachinjwa papo hapo, kwa hiyo kisu kikali kikae mfukoni mwa baba. Kuhusu marisau yenyewe, muulizeni shehe wenu kabla ya msimu, siyo mkiwa na ndege mkononi.

*Amempata, halafu analia.* Wa kwangu walilia wote wawili. Usimwambie ajikaze. Shika bunduki yake, ifungue, iweke chini, umwache ambebe ndege yule mwenyewe mpaka kwenye gari. Nyumbani mnyonyoe pamoja, na mtafute marisau kwenye nyama kwa ncha za vidole kabla ya kupika, maana yanavunja meno. Ukimchemsha kwa muda mrefu na tangawizi, halafu tui zito mwishoni, hana tofauti kubwa na jogoo wa kijijini. Wiki inayofuata muulize kama anataka kwenda tena, na jibu lolote atakalotoa likubali.